Mpira Haukatwi Kabla ya Maji

Wiki jana niliwaacha uani kwa Sista, mume wangu kamkamata kaka yangu ukosi wa shati, na nyuma yao maporomoko tuliyoyajenga kwa siku kumi na nane yamekauka kama koo la mwenye homa.

Kwa anayeshika gazeti hili leo kwa mara ya kwanza: tulikuwa watatu, kazi moja. Tuliwajengea watu maporomoko ya maji nyuma ya nyumba zao. Mume wangu alipanga mawe. Kaka yangu, tumbo moja ziwa moja, alifunga pampu na mabomba. Mimi nilikuwa wa mpira, ule mpira mweusi mpana unaotandikwa chini ya mawe ili udongo usinywe maji. Niliupima, nikaukata, nikauunganisha kwa gundi.

Mmoja wa wanaume hao wawili nimemzika. Wengi mmeniandikia mkitaka kujua ni yupi. Nivumilieni. Naandika kwa mpangilio kwa sababu nikirukaruka nasahau, na sitaki kusahau hata neno moja.

"Shemeji, niachie shati," kaka alisema. "Ninayo mawili tu, na lingine liko kwenye kamba."

"Nitakuachia ngozi. Alhamisi ulipigilia wapi vyuma vyako vya kushikia bomba?"

"Pembeni ya bwawa. Nje ya mpira. Nilikuonyesha kwa kidole."

"Ulinionyesha uongo kwa kidole."

Mume wangu akampiga kichwa. Si ngumi, kichwa, paji la uso juu ya pua, na nikasikia kitu kikivunjika kama biskuti chini ya kisigino. Kaka akaenda kinyumenyume, akaanguka chali ndani ya bwawa. Maji yaliyobaki humo yalikuwa ya vifundoni. Yakaruka, yakarudi, yakaanza kubadilika rangi.

Sista alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni na kikombe mkononi. Ni muuguzi mstaafu, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamrisha wodi nzima.

"Hiyo pua imevunjika," alisema. "Miaka thelathini na minne kazini, mlio wake naujua. Mkitaka kuuana, geti lile pale, halijafungwa."

"Mama, huyu ametoboa mpira wako!" mume wangu akafoka.

"Mimi niliomba maporomoko yanibembeleze nilale. Sikuomba ndondi."

Akaingia ndani. Nilidhani amekwenda kumalizia chai yake.

Sasa nisimame hapa kidogo niwaambie habari ya mpira, maana bila hiyo hamtaelewa dhambi yangu.

Ukishachimba bwawa na ngazi za maporomoko, unaokota kila jiwe lenye ncha na kila mzizi. Unatandika mazulia makuukuu. Juu yake ndipo unaweka mpira, nao unauweka kwa ulegevu, wenye mikunjo, kama shuka la mtoto anayejigeuzageuza. Mpira haupendi kuvutwa. Kipande cha juu kinalalia cha chini, kama mabati ya paa, maji yasipate pa kupenya. Halafu pembeni unaacha pindo la urefu wa mkono mzima, linaning'inia vibaya, linachukiza macho, na huligusi.

Huligusi mpaka maji yajae na siku mbili zipite. Uzito wa maji huuvuta mpira chini. Udongo nao hujishusha. Ukingo uliouona juu leo, kesho umeshuka vidole vinne. Ndiyo maana mume wangu alikuwa na sheria moja aliyoirudia mpaka watoto wetu wakaijua kuliko sala za kulalia: "Mpira haukatwi kabla ya maji."

Mimi niliukata kabla ya maji.

Ilikuwa Alhamisi hiyohiyo, wanaume wamekwenda bombani kunawa. Kwenye ngazi ya tatu njia ya maji hupinda kona kuelekea ukutani, na pindo hapo lilikuwa pana kuliko kwingine kote. Nikaona limezidi. Nikatoa mkasi. Nikakata kipande cha kutosha kufunika meza, nikakikunja, nikakitia mfukoni mwa aproni, kisha nikapanga mawe juu ya mkato.

Sikukata kwa ubaya. Paa la mama yetu lilikuwa linavuja juu ya kitanda chake, na mama alikuwa na mapafu mabovu. Ningeweza kumwomba mume wangu. Lakini yeye na kaka walikuwa hawaivi mwaka mzima, tangu kaka alipomwambia mbele ya mteja kwamba mawe yake yamekaa kama meno ya bibi. Siku hizo ukitaja ndugu yangu yeyote kwake, unakula chakula cha baridi. Nikaona heri ninyamaze. Kipande tu.

Jumamosi tukajaza maji. Kaka akawasha pampu, maji yakapanda bombani na kushuka ngazi kwa ngazi, Sista akapiga makofi kama msichana. Jumatatu asubuhi tukaitwa. Bwawa tupu, pampu inakoroma kama mlevi.

Fundi asiye na hasira angejiuliza swali moja tu: maji yamekomea wapi? Yalikuwa yamesimama sawasawa na mdomo wa pampu, si chini yake hata kidogo. Maana yake bwawa halikutoboka. Maji yalikuwa yanapandishwa vizuri, yanapotelea huko juu njiani. Mume wangu alilijua swali hilo kuliko mimi. Lakini hasira haiulizi. Hasira inakuja na jibu lake mkononi.

Basi, turudi bwawani.

Mume wangu alirukia humo na viatu vyake. Kaka alikuwa amepiga magoti, damu inamchuruzika mpaka kidevuni, mkono wake unapapasa nyuma yake. Nikaona anachokipapasa. Spana ya mabomba, ile kubwa.

"Shemeji, usisogee."

"Nisisogee kwako? Wewe umenisogeza njaani!"

Akasogea. Spana ikamkuta kwenye ugoko. Mume wangu akatoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwa mtu, akaanguka juu ya kaka kwa uzito wake wote, na wakawa kitu kimoja, miguu minne, wanabiringika juu ya mpira unaoteleza. Ngumi ya mbavu. Kiwiko cha shingo. Kaka akamng'ata sikio. Mume wangu akamshika nywele, akamgeuza kifudifudi, akamkalia mgongoni.

"Haya. Tafuta tundu."

"Hakuna tun—"

Akamzamisha uso.

"Tafuta! Tafuta kwa ulimi kama macho yamekushinda!"

Maji ya vifundoni yanatosha kuua mtu mzima. Nililijua hilo asubuhi ile. Niliona mapovu yakitoka pembeni mwa kichwa cha kaka yangu, makubwa, halafu madogo. Miguu yake ikapiga, ikapiga, ikaanza kuchoka.

Nami nilisimama ukingoni na mikono kwenye aproni.

Mtaniuliza, ulikuwa unangoja nini? Nimejiuliza miaka yote hii. Nilikuwa na maneno mawili tu ya kusema, na ulimi ulikuwa mzito kama jiwe la kusagia. Nilijiambia, atamwachia sasa hivi. Nilijiambia, watachoka wenyewe. Mtu anaweza kujiambia mengi huku mwenzake anakunywa damu yake mwenyewe.

Mume wangu akamwinua kwa nywele. Kaka akavuta hewa, akakohoa, akatapika maji. Kisha, badala ya kumtazama aliyekuwa anamuua, akanitazama mimi.

Midomo yake ikasema bila sauti: Nyamaza.

Alijua.

Bila shaka alijua. Ijumaa mimi ndiye niliyempelekea kile kipande, nikamwambia nimekinunua kwa watu wa mahema. Yeye ndiye aliyepanda paa la mama na kukipigilia misumari. Kaka alikuwa amefanya kazi na mpira wangu miaka sita. Angewezaje kutoujua? Alijua tangu Ijumaa, na tangu alipoona maporomoko yamekauka alijua na kona ilipo. Akaamua kuvunjwa pua, na kuzamishwa, na kuitwa mwongo, ili mimi nisiguswe.

"Tundu liko wapi?" mume wangu akauliza tena.

"Nimelitoboa mimi," kaka akasema. Meno yake yalikuwa mekundu. "Nimekubali. Basi. Nipige uishe hamu, twende tukanywe chai."

Ungedhani kukiri kungemtuliza. Kulimwasha. Mtu aliyepigwa akikataa, mpigaji ana shaka kidogo moyoni. Akikubali, shaka inakufa. Mume wangu akanyoosha mkono akachukua mtaimbo uliokuwa umeegemea ngazi ya kwanza. Akaukanyaga mkono wa kulia wa kaka juu ya ukingo wa jiwe, vidole vimekaa kama vya mtu anayepiga kinanda.

"Kwa mkono huu?"

"Kwa huohuo, shemeji."

Mtaimbo ukapanda.

"Ni mimi!" nikapiga kelele. "Ni mimi, baba watoto! Mpira nimeukata mimi!"

Mtaimbo haukushuka. Mume wangu alinigeukia polepole, na badala ya hasira nikaona kitu kibaya zaidi. Alikuwa anacheka.

"Damu nzito kuliko maji, siyo? Unamkingia kaka yako."

"Naapa."

"Ulikula kiapo kingine mbele ya watu, kuwa upande wangu. Nacho je?"

"Mwangalie, anadanganya," kaka akasema huko chini. "Huyu dada yangu tangu utotoni akiona damu anaropoka."

Fikirieni. Nimekaa kimya nilipotakiwa kusema, na sasa nasema, wanaume wote wawili wananikatalia. Mmoja kwa chuki, mmoja kwa mapenzi.

Nikapanda maporomoko kwa magoti. Ngazi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kwenye kona nikaanza kung'oa mawe kwa mikono. La kwanza likaniangukia mguuni, sikulisikia. La pili likang'oa kucha ya kidole gumba. Nikarusha, nikachimba, nikarusha, mpaka mpira ukaonekana, na nyuma yake udongo uliolowa kama uji. Maji ya siku mbili yalikuwa yamepita hapo, juu ya pindo lililoshuka, yakaingia ukutani kimyakimya.

Na mkato wangu ulikuwa pale. Mnyoofu. Mimi hukata kwa mkasi wa cherehani, sikati kwa kisu kama wenzangu, na mkato wangu hauna meno.

"Njoo uone," nikamwambia. "Njoo uone, halafu uje unipige mimi."

Akaja. Alichechemea kwa ule ugoko, mtaimbo mkononi. Akasimama mbele yangu, mimi nimepiga magoti, damu ya kucha inadondokea mpira. Akainama. Akapitisha kidole juu ya mkato kutoka mwanzo hadi mwisho, taratibu, kama anavyopima jiwe kabla ya kulilaza.

Akainua macho kutoka kwenye mkato.

"Umekipeleka wapi?"

"Kwa mama. Paa lake linavuja."

Hapo ndipo ninapotaka mnisikilize vizuri, kwa sababu hakuna mtu mwingine aliyeuona uso wake isipokuwa mimi. Kaka alikuwa nyuma yake, chini, bwawani. Uso wa mume wangu ulilegea. Macho yakajaa. Alionekana mzee ghafla.

"Ungeniambia," alisema, kwa sauti ndogo sana. "Mama watoto, ungeniambia tu. Ningemfunika paa zima."

Akasimama wima, akaushika mtaimbo kwa mikono miwili, akauinua juu ya kichwa.

Mume wangu alikuwa na desturi moja ya kazi. Akimaliza, liwe jengo zuri au bovu, huusimika mtaimbo ardhini kwa nguvu zake zote, unabaki umesimama, na baada ya hapo hagusi tena kifaa chochote siku hiyo. Wateja walikuwa wanamcheka. Ndivyo alivyotaka kufanya. Alitaka kuusimika kwenye ule udongo uliolowa kando yangu, na kusema yamekwisha. Nilimjua. Nililala naye kitanda kimoja miaka kumi na mmoja.

Lakini kaka hakuuona uso wake. Masikio yake yalikuwa yamejaa maji, pua imejaa damu. Aliona mgongo. Aliona mtaimbo umepaa juu ya kichwa cha dada yake aliyepiga magoti.

Nilifungua mdomo nimwambie asifanye. Alikuwa ameshafika. Alikuwa amebeba jiwe la ngazi ya kwanza kwa mikono miwili, lile la bapa ambalo mume wangu alilichagua mwenyewe.

Alimpiga kisogoni.

Mtaimbo ulianguka kwanza, ukagonga mawe, ukaimba. Mume wangu akabaki amesimama kitambo kidogo, ananitazama kama mtu aliyesahau alichotaka kusema. Kisha akapiga magoti, akalala ubavu juu ya ngazi, kichwa kimeelekea chini.

Damu ikaifuata njia ya maji. Ikajaza ngazi ya pili, ikamwagikia ya kwanza, ikaingia bwawani. Mpira niliouunganisha kwa mikono yangu haukuvujisha hata tone.

"Amekugusa?" kaka alikuwa anauliza. Jiwe bado liko mikononi mwake. "Mdogo wangu, amekugusa? Sema!"

"Weka jiwe chini."

"Alitaka kukuua. Umeona? Aliuinua hivi!"

"Weka jiwe chini, kaka."

Sista akatoka mbio, simu sikioni. Hakuwa amekwenda kunywa chai. "Nimeshawaita polisi tangu ile pua," alisema, akaitupa simu nyasini, akapanda ngazi kwa mikono na magoti, mwanamke wa miaka zaidi ya sitini. Akambandika mume wangu vidole shingoni. Akambinua kope moja.

"Mtu asimwinue. Mtu asimguse. Nani kafanya hivi?"

"Mimi," kaka akasema. Safari hii hakuwa anamkingia mtu. "Alikuwa anamuua dada yangu."

Sista akanigeukia. Mkono wake mmoja ulikuwa umeshikilia kisogo cha mume wangu, na vidole vyake vilikuwa vimepotea katika damu.

"Mimi nilikuwa ndani, sikuona kitu," alisema. "Watakapofika wataniuliza, nami nitawaambia kile utakachoniambia wewe. Kwa hiyo usinijibu haraka. Alitaka kukupiga, au hakutaka?"

Kaka yangu alikuwa ameliacha jiwe, ameteremka bwawani na kukaa kwenye maji mekundu. Pua yake imekwenda upande, vidole vya mkono wa kulia vimevimba. Alinitazama, na safari hii midomo yake haikusema ninyamaze.

Nikafikiri: nikisema kweli, hana tena cha kumkinga, ni mtu aliyempiga mwenzake kwa nyuma. Nikisema uongo, ni kaka aliyemwokoa dada yake. Na huyu aliyelala hapa hatajua kamwe nilichosema.

Asubuhi nzima nilikuwa nimekaa na ukweli mdomoni kama mate, nisiuteme. Ulipotoka haukumfaa mtu. Nikajiambia, uongo nao ngoja tuuone.

"Alitaka," nikasema.

"Alitaka nini? Sema lote."

"Alitaka kuniua. Aliinua mtaimbo anipige kichwani. Kaka asingefika, ningekuwa maiti."

Kaka akafunika uso kwa mikono, akalia kwa sauti.

Sista hakuwa ananitazama tena. Alikuwa ametazama chini, kwenye kile kichwa alichokishika, na uso wake ulikuwa umebadilika.

"Fundi," alisema polepole. "Unanisikia?"

Mume wangu alikuwa amefumbua macho. Sijui aliyafumbua kabla sijajibu au baada. Hayakumtafuta Sista, wala kaka. Yalikuwa yamenikazia mimi. Kisha midomo yake ikaanza kusogea, na Sista akainama mpaka sikio lake likagusa damu, ili asikie anachosema.